Mashine Iliyosubiri Kuulizwa

Jumapili, 2 Oktoba 1994

Daftari hili nimepewa na Felicitas, mjukuu wangu. Anasema, "Bibi, andika. Ukifa utaondoka na mambo yote." Nikamwambia sijawahi kusikia mtu amekufa kwa kukosa daftari. Lakini kalamu nimeipokea. Nilisoma darasa la nne kwa masista, na mwandiko wangu unashinda wa mwenyekiti wa kijiji. Hilo Buganguzi nzima inalijua, naye analijua.

Mimi ni Benigna Kokushubila. Nina kibanja cha migomba na kahawa alichoniachia mume wangu. Nilizaa wawili. Rugaibula, baba yake Felicitas, alikufa katika vita ya Amin. Mwili hatukuletewa, tuliletewa barua. Joviana alikufa mwaka jana, Novemba, kwa ugonjwa huu wa ukimwi ambao zamani tuliuita Juliana, kama vile ni mgeni ambaye kesho ataaga. Ameniachia wavulana wawili, Aristides na Ishengoma. Wanakula kama mafundi wanaojenga kanisa.

Kwa leo yanatosha.

Ijumaa, 7 Oktoba

Mvua. Ishengoma amepasua kaptura ya shule. Nimemshonea kwa uzi mwekundu ili aone haya.

Jumamosi, 8 Oktoba

Felicitas amekuja kutoka Bukoba. Kule anafanya kazi katika ofisi inayoandikisha yatima wa mkoa. Zamani waliwaandika kwenye kadi, sasa wanawaandika ndani ya kompyuta. Anakaa mbele yake siku nzima amevaa viatu. Nikamuuliza, hiyo ni kazi? Akacheka.

Anasema mwisho wa Novemba kamati itakaa na orodha. Mtoto mwenye ndugu atasaidiwa hapo hapo alipo: sare, karo, blanketi. Asiye na ndugu atapelekwa kwenye kituo cha watoto, ng'ambo ya ziwa, upande wa Mwanza. Aristides na Ishengoma ameshawaandika.

Kisha akatazama kucha zake. "Bibi, na Minza? Nimwandike kwetu?"

"Minza yupi?"

"Bibi."

"Nimeuliza, Minza yupi? Hilo jina si la hapa."

"Mtoto wa shangazi Joviana."

Nikasimama nikaenda kugeuza ndizi zilizokuwa jikoni. Hazikuhitaji kugeuzwa.

Niandike ukweli, maana daftari halina mdomo. Mume wa Joviana alipokufa, Joviana alikwenda kisiwani Bumbire kuuza chakula kwa wavuvi. Akakaa na Msukuma mmoja, Mihayo. Bila kanisa, bila posa, bila hata kuja kunisalimia na huyo mtu. Wakazaa huyo Minza. Nilimtumia salamu Joviana kwamba wavulana nitawalea, lakini huyo wa samaki abaki na samaki.

Walipomleta Joviana kuzikwa, Mihayo ndiye aliyekuja na jeneza, kwanza kwenye mtumbwi wa injini, kisha kwenye lori. Kwetu mgeni akifika anapewa mwani, zile punje za kahawa za kutafuna. Hata awe mtu mliyegombana, unampa, maana yake umemwona, amefika. Nilipitisha kikapu msiba mzima. Nilipomfikia Mihayo nikamruka, nikampa aliyekaa baada yake. Watu waliona. Nilitaka waone.

Kulikuwa na mtoto amesimama karibu na goti lake. Sikumtazama usoni.

Jioni waliondoka. Ndiyo hivyo.

Felicitas sikumjibu.

Ijumaa, 14 Oktoba

Senene wa kwanza. Wachache, wembamba kama wamefunga Kwaresima. Wavulana wamekusanya kikombe kimoja wakagombana.

Jumatano, 19 Oktoba

Amepita Sayi, yule mwanamke wa Kisukuma anayeleta dagaa kutoka visiwani. Hupita mara moja moja. Leo amekaa sana kwenye gogo langu. Alishapima dagaa, nilishapokea, bado kakaa.

"Shikamoo tena, mayu." Kwao mayu ni mama.

"Marahaba. Umeshanisalimia."

Akafungua kitambaa, akakifunga.

"Mayu, huulizi habari za ziwani?"

"Ziwani si kuna maji. Dagaa wako hawajakauka."

Akatabasamu kidogo, akanyanyua beseni lake, akaenda. Watu wa ziwani hawana haraka. Mimi nina palizi.

Jumapili, 23 Oktoba

Padri amehubiri juu ya ukarimu. Alirefusha.

Jumanne, 1 Novemba

Watakatifu Wote. Mvua tangu alfajiri. Mgomba mmoja umeanguka na mkungu wake mchanga. Nimeumia kama nimepigwa.

Jumamosi, 5 Novemba

Felicitas hakukaa hata kidogo. Amesimama mlangoni mwavuli unachuruzika.

"Bibi, Mihayo amefariki."

"Lini?"

"Tarehe ishirini na moja, mwezi uliopita. Wenzangu wanaozunguka visiwani wamenieleza. Minza yuko kwa mama mmoja muuza dagaa, jirani yao. Anaitwa Sayi."

Nilikuwa namenya ndizi. Nikaendelea kumenya.

"Sayi alikuja hapa," Felicitas akasema. "Mihayo alimtuma. Alitaka mtoto aje kwa ndugu zake kabla yeye hajafa. Sayi anasema alikaa ukamwangalia tu. Hukumpa mwani, hukumuuliza habari. Akaona hutaki kusikia."

"Si angesema! Ana mdomo!"

"Bibi, angesemaje? Mtu aliyebeba habari nzito hawezi kuimwaga kwenye nyumba ambayo hajakaribishwa. Wewe mwenyewe ndiye uliyenifundisha hivyo."

Ni kweli nilimfundisha. Nilimpiga na fimbo ya kahawa kwa ajili hiyo hiyo, akiwa na miaka saba, kwa kukimbilia nyumba ya watu kutangaza msiba kabla hajakalishwa.

Nilikwenda kibanjani nikapalilia mahali palipokwisha kupaliliwa. Siku mbili kabla ya kufa kwake, yule mtu alikuwa bado anasubiri mimi niseme neno moja. Habari za ziwani. Maneno matatu basi.

Nilirudi na tope mpaka magotini nikamwambia Felicitas, "Mwandike. Andika ndugu zake ni Aristides na Ishengoma. Bibi yake ni mimi. Andika jina langu lote."

Alinikumbatia. Nikamwambia aniondolee mwavuli wake ndani ya nyumba.

Jumamosi, 12 Novemba

Ameandika. Anasema Minza yumo, na ndugu wamo, na mimi nimo. Nikamwambia anionyeshe. Akacheka, kompyuta haibebwi kwenye kikapu. Akanichorea hapa kwenye daftari: jina Minza, miaka mitano, Bumbire. Pembeni akaweka kisanduku kitupu kilichoandikwa NDUGU.

"Mbona kitupu?"

"Ndivyo inavyoanza kuonekana. Mashine haileti mambo yote ya mtoto kwa pamoja. Inaleta jina, umri na kijiji. Mengine yamekaa ghalani: wazazi, ndugu, ugonjwa, nani anamlea. Ukitaka ndugu zake, unauliza pale, ndipo inakwenda kuwaleta."

"Usipouliza?"

"Haileti."

"Na inajua?"

"Inajua kabisa, Bibi."

"Basi ni mvivu."

"Ndivyo wanavyouita wenyewe, uvivu! Fundi wetu Datius ametoka Dar, ndiye aliyeifundisha. Watoto ni elfu nne. Kila mmoja ana ndugu, na kila ndugu ana wazazi na ndugu zake tena. Zamani ukiita mtoto mmoja ilikuwa inakokota ukoo mzima, unakunywa chai mpaka unamaliza bado inahangaika. Sasa jina linakuja mara moja."

Nikamwambia mtu anayejua jambo na kukaa nalo mpaka aulizwe, kijijini tuna jina lake. Akaniuliza jina gani. Sikumwambia.

Lakini nimelala vizuri. Limeandikwa, limekwisha. Ofisi ina mashua, itamleta.

Jumatatu, 14 Novemba

Nimekata gauni la Joviana la bluu. Nimeshona kigauni. Kimo nimekisia.

Alhamisi, 17 Novemba

Senene leo ni wengi, mawingu kwa mawingu. Kijiji kizima kinanyonyoa mbawa. Nimeweka pembeni kopo moja la waliokaangwa, la mtoto. Kisha nikafikiri labda hali senene, huyo ni wa samaki. Nikaliacha hapo hapo.

Jumapili, 20 Novemba

Aristides ameniuliza kwa nini tusiende wenyewe kumchukua. Nikamwambia ziwa limechafuka, mguu wangu unauma, na ofisi inalipwa kwa kazi hiyo. Yote matatu ni kweli. Ziwa halikuchafuka sana.

Ukweli ni kwamba sikutaka kushuka kwenye mtumbwi mbele ya wavuvi, wao wanijue ni nani.

Alhamisi, 24 Novemba

Mwaka mmoja tangu Joviana. Misa. Mvua ilipiga mabati, padri hakusikika. Watu kumi na wawili.

Jumamosi, 26 Novemba

Felicitas hakuja. Wanachapa orodha.

Jumatano, 30 Novemba

Felicitas amekuja leo, Jumatano, siku ya kazi, na viatu mkononi.

Kamati ilikaa juzi. Orodha ya watakaovuka ziwa imebandikwa ukutani, watoto wanane. Wa tano ni Minza, Bumbire, hana ndugu. Mashua ya ofisi imeshawazungukia visiwani. Wako Bukoba, na meli yao ni Ijumaa.

"Si uliandika!" nikamwambia.

"Niliandika, Bibi."

"Sasa?"

"Dizeli ya jenereta ilikuwa inaisha. Nikaita majina yote, nikafunga ghala mapema lisije likaharibika umeme ukikatika. Ndipo nikachapa. Na mashine ilipofika kwenye ndugu ikataka kwenda kuwaleta, mlango ukawa umefungwa. Ikaacha wazi. Kurasa arobaini, safu ya ndugu haina hata neno. Kamati wakadhani pakiwa wazi maana yake hakuna."

"Na wewe uliona pako wazi?"

"Niliona."

"Ulijua maana yake?"

"Nilijua. Nilidhani watafungua zile kadi za zamani kabatini."

"Kwa nini hukuwaambia?"

Akatazama kucha zake.

"Hawakuniuliza, Bibi."

Nilinyanyua mkono nimzabe kibao. Ulibaki hewani. Huyu si ndiye niliyemlea? Nani mwingine angemfundisha hivyo? Niliutumia ule mkono kufunga kanga.

Tunaondoka alfajiri na gari la kahawa.

Jumamosi, 3 Desemba

Naandika leo yaliyotokea juzi, Alhamisi. Niandike yote, hata yale ya kunivua nguo.

Gari lilikwama mara mbili kabla ya Muleba. Mara ya pili nilishuka nikasukuma. Tulifika Bukoba saa nane mchana, tope mpaka kichwani. Mguu niliosema unauma haukunikumbuka.

Mwenyekiti wa kamati ni Bwana Kagaruki, mwalimu mstaafu, mtu mpole mwenye macho ya kuchoka. Alinipa kiti. Felicitas akaeleza. Kagaruki akasema fungua mashine basi, tuone. Jenereta lilikuwa limezimika tangu jana yake. Datius alikuwa ametoka na dumu kutafuta dizeli, hakuna aliyejua atarudi saa ngapi.

"Kadi?" akauliza.

Kadi za watoto wa visiwani hazipo. Wale walianza kuandikwa kompyuta ilipokwisha kufika.

"Mama," Kagaruki akasema, "karatasi inasema hana ndugu."

"Haisemi hana. Haisemi kitu. Soma vizuri, wewe ni mwalimu."

"Nakuelewa. Lakini huyu binti ni mjukuu wako. Na wiki iliyopita wamekuja watu watatu kudai watoto wasiowajua, kwa sababu wamesikia kuna blanketi."

"Mimi nina mablanketi yangu."

"Sikusema wewe, mama. Nasema na mimi nitaulizwa." Akachukua kalamu. "Basi nikuulize ya kawaida tu. Huyo mtoto ana alama gani?"

Uso wake sikuwahi kuutazama.

"Jina la ubatizo?"

Sijui kama alibatizwa.

"Alizaliwa mwezi gani?"

Felicitas alikuwa anatazama sakafu. Naye hakuwa amewahi kumwona ila siku ile ya msiba, kwa mbali. Nilikuwa nimeshika kigauni cha bluu mapajani. Kagaruki alikitazama, akatazama mimi.

"Ni mweupe au mweusi, mama?"

Nimezaa, nimelea, nimepokea watoto wa wanawake kumi na nne kwa mikono hii. Sikuweza kusema mjukuu wangu ni mweupe au mweusi. Palikuwa wazi kabisa. Sikuwahi kuuliza, basi sikuwa na kitu cha kuleta.

Akaweka kalamu chini, si kwa ubaya. Akasema, "Tumwite mtoto mwenyewe. Akikujua, tutaona."

Nikajua limekwisha.

Walimleta. Ni mweusi kama Joviana. Ana kovu juu ya jicho la kushoto. Amevaa fulana ya mtu mzima iliyofika magotini, na alikuwa ameshika kamba ya wavu, kipande tu, ameizungusha kidoleni. Alisimama jinsi Joviana alivyokuwa anasimama, kisigino juu ya mguu mwingine.

"Minza," Kagaruki akamwambia, "unamjua bibi huyu?"

Alinitazama muda mrefu. Nilitamani nitabasamu, uso ukakataa.

"Namjua."

"Ni nani?"

"Ni bibi aliyemnyima baba kahawa."

Mtoto hakusema kwa hasira. Alisema kama anavyosema mtu, yule ndiye mwenye nyumba ya mabati.

Kagaruki ni Mhaya kama mimi. Hakuhitaji kuelezwa. Alinigeukia polepole.

"Kweli, mama?"

"Kweli."

"Wapi?"

"Kwangu. Siku ya kumzika mama yake. Nilipitisha mwani kwa watu wote, nikamruka."

"Baba yake?"

"Baba yake, mbele ya huyu mtoto."

Kisha akavuta ile karatasi akapiga mstari juu ya jina la tano, akaandika pembeni: *ana bibi*. Akasema kwa sauti ya chini, "Hakuna mtu anayeweza kujitungia hilo ili apate blanketi."

Nimekuwa mtu wa kujivunia. Najivunia kibanja, mwandiko, kwamba sijawahi kuomba chumvi kwa jirani. Vyote hivyo siku ile havikunisaidia. Kilichonipatia mjukuu wangu ni ule uchafu mmoja.

Datius alifika saa kumi na dumu lake, kijana mwenye shati jeupe. Wakawasha. Felicitas akaita Minza, jina likaja. Akabonyeza pale kwenye ndugu. Mashine ikanguruma kidogo, ikawaleta: Aristides. Ishengoma. Bibi, Benigna Kokushubila wa Buganguzi. Vyote vilikuwamo. Siku zote hizo mtoto anapandishwa mashua, anashushwa, vilikuwamo humo humo.

"Unaona, Bibi," Datius akasema, "mashine haikukosea. Iliacha tu nafasi ya kujaza baadaye."

"Baadaye lini, mwanangu? Meli ni kesho."

"Uvivu huu ni mzuri, Bibi, bila huo isingefanya kazi. Ila anayechapa lazima aulize kila kitu kabla hajafunga ghala. Na mimi nilipaswa kuifundisha ikishindwa kuleta ipige kelele, isiache wazi. Hilo ni kosa langu."

Nilikuwa nimekusanya matusi ya kumtosha yeye na wazazi wake. Aliposema kosa ni lake, yakanikauka mdomoni. Kijana wa miaka ishirini na sita amelisema kirahisi hivyo, mbele ya watu, na mimi ninayekaribia sabini, langu nimelibeba mwaka mzima.

Wakaiuliza mashine juu ya wote wanane, mmoja mmoja. Watatu wengine walikuwa na ndugu.

Jumapili, 4 Desemba

Kigauni ni kifupi. Kimo nilikisia cha mtoto niliyemwona mwaka jana pembeni ya goti. Amekua.

Na senene anawala.

Jumatano, 7 Desemba

Hasemi. Ukimuuliza anajibu, kisha basi. Ishengoma amempa mpira wake wa majani ya migomba. Amelala nao.

Jumapili, 11 Desemba

Mvua inapungua. Minza amevunja kikombe, akasimama anasubiri kupigwa. Sikumpiga. Akaendelea kusubiri.

Jumamosi, 17 Desemba

Leo nimekwenda Bumbire na Minza. Nilishuka kwenye mtumbwi mbele ya wavuvi wote, nimekunja nguo, na wote walinijua ni nani. Hakuna aliyecheka. Heri wangecheka.

Kaburi la Mihayo liko nyuma ya vichanja vya dagaa, lina msalaba wa mbao za sanduku. Nilikuwa nimefunga mwani kwenye jani la mgomba. Nikaufungua nikauweka juu yake. Nilikuwa nimetayarisha maneno njia nzima, hayakutoka. Manyunyu yakaanza kuzisukuma punje chini kabla sijanyanyuka. Minza akaziokota moja moja, akazirudisha.

Kisha tukaenda kwa Sayi. Alinipa kigoda. Nikafungua jani la pili, nikampa mwani kwa mikono miwili. Akapokea, akaweka mdomoni, akatafuna taratibu. Nikasema, "Sayi, habari za ziwani?"

Akasogea karibu.

"Mayu, nikuambie zote?"

"Zote."

Akamtuma Minza kwa jirani kufuata moto. Akaniambia ya Mihayo niliyokwisha kujua. Kisha akaniambia nisiyoyajua. Kwamba mwaka jana, Joviana alipoanza kushindwa kutembea, yeye Sayi alikuja kwangu mara mbili na dagaa, Agosti na Septemba. Joviana ndiye aliyemtuma.

"Alisema nini?"

"Alisema, mama akikuuliza habari zangu, mwambie naumwa, nataka kuja nyumbani. Asipouliza, usimwambie. Uza dagaa wako urudi."

"Na aliporudi... uliporudi, alikuuliza?"

"Kila mara, kabla sijatua beseni. *Ameuliza?*"

Sikumuuliza Sayi alimjibu nini.

Nazikumbuka siku zote mbili. Mwezi wa Agosti nilisema dagaa wana mchanga. Septemba nilivutana naye bei mpaka akaniongezea kikombe, na jioni nikajisifu kwa jirani.

Jumapili, 18 Desemba

Senene wamekwisha. Jua limetoka.

Asubuhi nilimkuta Minza amekaa mlangoni na ile kamba yake ya wavu. Nikakaa chini, pale pale kwenye udongo. Nikamuuliza ameamkaje.

Akasema vizuri.

Nikamuuliza tena.